Pande Tatu za Mti

Benchi la kona ile ni ubao mmoja mrefu uliolazwa juu ya matofali, mgongo wake ni ukuta wa duka la vifaa vya ujenzi, na mbele yake barabara ya vumbi inakwenda moja kwa moja hadi kituo cha polisi. Kila asubuhi hukaa hapo watu walewale na ubishi uleule. Yupo Hakimu, ambaye hajawahi kuhukumu hata kuku: alikuwa tarishi wa mahakama miaka thelathini, akastaafu na methali zote alizozisikia vizimbani, nyingi akiwa hajui zinatumika wapi. Yupo Mawimbi, fundi simu, ambaye kila balaa kwake limetoka kwenye mnara. Yupo Mama Birika, mwenye kahawa na mwenye ulimi. Na yupo Nyundo, fundi wa miti wa manispaa, aliyepewa jina hilo kwa nyundo ya mbao anayogongea mashina na kutega sikio, ajue kama ndani kuna uzima au kuna pango. Asubuhi hiyo Nyundo alikuja mikono mitupu. Mfukoni mwa shati alikuwa na karatasi, na saa nne alitakiwa ofisini akaitie saini.

Siku tatu zilizopita, mti mkubwa wa uani pale zahanati ulianguka. Upepo haukuwepo, mvua haikuwepo. Ulianguka juu ya benchi la wagonjwa, ukamvunja nyonga mama mmoja aliyekuja kupima presha tu, na mpaka leo madaktari hawasemi kama atatembea. Jioni ileile polisi wakamchukua Paka, mkwezi aliyeupogoa mti huo mwezi uliopita. Paka ni mume wa dada yake Nyundo. Miaka kumi na miwili wamefanya kazi pamoja kwa utaratibu mmoja usiovunjwa: Nyundo hupima, Paka hupanda, na mti ambao Nyundo hajaupima Paka haugusi hata kwa kidole.

Karatasi ile aliiandika mkuu wa bustani mwenyewe. Ilisema mti ulikuwa mzima, ila mkwezi alikata matawi ya upande mmoja, ukaelemewa, ukaanguka. Kilichobaki ni saini ya mpimaji.

— Mnara! alisema Mawimbi kabla hata kikombe hakijamfikia. Juu ya paa la zahanati kuna mnara. Mimi nafungua simu kila siku, najua mawimbi yanavyopika vitu. Mti umepikwa miaka minane, ukaiva.

— Mti uive wewe usiive, unayekaa na simu arobaini mezani? aliuliza Mama Birika.

— Mimi nakaa mbali nazo.

— Unalala nazo!

Hakimu akakohoa, kile kikohozi chake cha kufungua kesi.

— Jamani, samaki mkunje angali mbichi.

— Sasa hiyo inaingiaje hapa? aliuliza Mawimbi.

— Inaingia. Zahanati wanamwaga wapi dawa zilizopitwa na muda? Chini ya mti. Dawa za presha, za usingizi, za minyoo, zote. Mti umekunywa miaka na miaka. Ule haukuanguka, bwana. Ulilala.

Mawimbi alicheka mpaka kahawa ikamwagikia suruali. Nyundo naye alitabasamu, na tabasamu lile likamchoma. Alijua kwa nini limekuja. Kila walipotaja mnara au vidonge vya usingizi, kifua chake kilikuwa kinalegea, naye alikuwa anawaombea wazidi kutaja mengine. Aibu iliyoje, mtu mzima kuombea upuuzi.

— Mimi nawaambia kuna mtu anakitaka kile kiwanja, Mawimbi akaongeza. Mti ukianguka, zahanati inafungwa, kiwanja kinauzwa. Siku hizi kuna mchwa wa kukodi. Unawaleta kwenye ndoo, unawaonyesha kazi, wiki mbili wamemaliza.

— Na wanadai mishahara? aliuliza Mama Birika.

— Cheka tu.

— Sicheki. Yupo mwanamke wodini hajui kama atasimama tena, na yupo mwanamume ndani ya kituo kile pale hajabadili shati siku ya tatu, na nyie mnakodi mchwa. Hebu tumuulize mwenye kazi. Nyundo, ni kweli Paka alikata upande mmoja?

Nyundo alizungusha kikombe mkononi.

— Paka alikata nilipomwambia akate.

— Vizuri?

— Vizuri? Mama, wewe hujamwona Paka akikata. Tawi moja analikata mara tatu. Kwanza chini kidogo, lisije likachana ganda. Halafu juu, uzito uondoke. Halafu kile kisiki kinachobaki anakitoa taratibu, pale kwenye shingo ya tawi, asizidishe wala asipunguze, ili mti ujifunge jeraha wenyewe. Siku hizi mtu akinunua msumeno wa injini asubuhi, mchana ameshakuwa fundi, na kabla jua halijazama ameshakata mti kichwa na kulipwa. Anapanda na viatu vya misumari, anatoboa mti mzima kila hatua. Paka hajawahi kuvaa misumari kwenye mti ulio hai. Hajawahi!

Alikuwa amepandisha sauti. Mtu mmoja aliyekuwa akinunua misumari dukani aligeuka kumtazama.

— Basi aliye juu mngoje chini, alisema Hakimu kwa upole, akidhani anamfariji.

— Hakimu! Mama Birika akampiga mgongoni kwa kitambaa. Mkwezi amewekwa ndani, wewe unasema aliye juu!

— Nilimaanisha atashuka. Atatoka.

— Atatoka vipi na ile karatasi? Nyundo akasema, na palepale akajuta.

— Karatasi gani?

Ndipo akawaeleza. Aliitoa, Hakimu akaivalia miwani, akaisoma kwa sauti ile ya mahakamani, neno kwa neno. Alipofika kwenye “mpimaji anathibitisha kwamba mti ulikuwa mzima pande zote nne”, Mama Birika aliacha kumimina.

— Sasa kama ulikuwa mzima, na Paka alikata sawasawa, uliangushwa na nini?

Hilo ndilo swali Nyundo alilolikimbia siku tatu. Alilikimbia nyumbani kwa kujifanya anaumwa kichwa, akalikimbia ofisini kwa kuitikia ndiyo, bosi. Akatazama chini kwenye vumbi.

— Saruji, alisema.

— Saruji ya nani? Mawimbi akaruka. Ya duka hili? Nilijua! Saruji ya siku hizi wanachanganya na...

— Nyamaza wewe. Saruji yangu.

Walimtazama wote.

— Miaka kumi na minane iliyopita mti ule ulikuwa na shimo. Hapa, usawa wa kiuno. Mimi nilikuwa najifunza kazi. Mwalimu wangu, Mungu amrehemu, alikuwa fundi kwelikweli, lakini enzi zile ndivyo walivyojua: mti ukitoboka, unasafisha shimo, unakoroga saruji, unaziba kama jino bovu.

— Sawa kabisa, alisema Hakimu. Usipoziba ufa utajenga ukuta.

— Tuliuziba, Hakimu. Ndilo kosa lenyewe. Mti unakua na unatikisika, jiwe halitikisiki. Linasaga mbao kwa ndani, maji yanaingia, uozo unatambaa mahali usipouona. Siku hizi imekatazwa, hata mwanafunzi wa wiki moja anajua. Na ukigonga kwa nyundo, husikii pango. Unasikia jiwe. Unasema, huyu mzima.

— Kwa hiyo ulidanganywa na saruji, alisema Mawimbi. Si kosa lako.

— Kiraka kilikuwa kinaonekana. Kimepasuka, na uyoga umeota pembeni, niliuona juzi mti ulipokwisha lala. Lakini upande ule wamejenga stoo, imeegemea shina, kiraka kikabaki ndani yake. Siku niliyokwenda kupima, stoo ilikuwa na kufuli. Mlinzi mwenye ufunguo alikuwa amekwenda kula. Nikasubiri. Jua kali. Nilikuwa na miti mingine sita siku hiyo. Nikagonga pande tatu, zote zikalia vizuri. Fomu ina visanduku vinne.

Hakuna aliyeuliza alijaza vingapi.

Pikipiki ilipita, vumbi likapanda, Mama Birika akafunika vikombe kwa kiganja. Vumbi lilipotua, Hakimu alikuwa ameshavua miwani. Alianza kusema kwa sauti ya chini, sauti ambayo Nyundo hakuwahi kuisikia kwake, haina methali hata moja.

— Sikiliza, mdogo wangu. Mimi nimeona kesi miaka thelathini. Ukisema ulijaza kisanduku bila kuzunguka, kazi imekwisha, na pensheni, na pengine ni wewe utakayelala mle. Ukitia saini, Paka atakaa miezi kadhaa. Ni kijana. Ana nguvu. Akitoka utamsaidia.

— Na watoto utawalea wewe, mjomba wao, alisema Mawimbi. Si damu yako?

— Nani mwingine anajua habari ya saruji? aliuliza Hakimu.

— Mwalimu alikufa. Nyie.

— Basi sisi hatujui, alisema Hakimu.

Nyundo alimtazama Mama Birika akitaka amtukane, maana ulimi wa mama yule haujawahi kumhurumia mtu, na siku hiyo angeupokea kama dawa. Mama alikuwa anafuta kikombe kilichokwisha kauka. Naye ana wajukuu wanne, na anajua maana ya mshahara wa mwisho wa mwezi.

— Chukua tu kahawa yako, alisema mwishowe. Inapoa.

Hivyo ndivyo mambo yanavyoamuliwa duniani, si kwenye ofisi wala mahakamani. Ni watu wanne wanaopendana wanakubaliana kunyamaza, na mmoja anapewa kikombe.

Nyundo alikunywa. Akaikunja karatasi, akairudisha mfukoni. Aliomba kalamu, Mawimbi akampa. Alijiambia atasaini palepale ofisini, mbele ya bosi, iwe rasmi.

Dada yake alitokea upande wa kituo cha polisi. Mkononi alikuwa na mfuko wenye shati chafu la mumewe, ameruhusiwa kumbadilishia. Alivuka barabara bila kutazama kushoto wala kulia, dereva mmoja akampigia honi na tusi juu yake. Hakuwahi kufika benchi lile hata siku moja. Ni mahali pa wanaume na Mama Birika.

— Shikamoo, alimwambia Hakimu.

— Marahaba, mwanangu. Poleni na mtihani. Keti basi, keti, Mama mpe kahawa.

— Asante, sikai. Kaka.

— Naam, dada. Anaendeleaje?

— Anaendelea. Amelala sakafuni, anakohoa kidogo. Amekusalimu.

— Ananilaumu?

— Nimemuuliza hilohilo. Amekataa. Anasema yeye alipanda kwa sababu wewe uliugonga, na angepanda tena. Anasema alipokuwa kule juu, saa nzima amefunga kamba kwenye mti ule, hakuogopa hata kidogo, kwa kuwa kaka ameupima.

Nyundo aliweka kikombe chini. Siku tatu alizofikiria kifungo, kazi na yule mama wa wodini, hakuwahi kumfikiria Paka akiwa juu ya mti ule. Mti ungeweza kuondoka naye.

— Anataka nikuulize kitu kimoja tu, dada akaendelea. Nimeshika hivyohivyo alivyosema, nisije nikakosea. Siku ile anafunga kamba, anapanda: wewe ulikuwa unajua?

Hakimu alikohoa. Safari hii hakuna kesi iliyofunguka.

— Nilisahau, alisema Nyundo. Dada yangu, haki ya Mungu, nilisahau. Ni miaka kumi na minane. Kulikuwa na kitu upande wa stoo, kitu cha zamani, mimi nilikuwa mwanafunzi tu...

Aliona uso wa dada yake unabadilika. Hakuwa amejua kwamba kulikuwa na kitu. Alikuja na swali la mumewe tu, akiwa na uhakika wa jibu, amtulize moyo mtu anayelala sakafuni. Aliuhamisha mfuko kutoka mkono huu hadi mkono ule.

— Umesahau, alisema polepole.

— Nilisahau.

— Ulisahau siku ile, kaka? Au umeanza kusahau baada ya mti kuanguka?

Nyundo alitafuta ndani yake, kwa haki kabisa, kama anavyotafuta kwenye mti. Aliona kufuli, aliona jua, aliona mkono wake ukijaza kisanduku cha nne, na kabla ya mkono ule kujaza ulisita. Ulisita kwa sababu gani? Njaa, uchovu, au ile saruji? Angetoa chochote ajue, na hakujua.

Dada akawatazama wengine. Mawimbi alikuwa anasoma simu iliyozimwa. Hakimu alikuwa anafuta miwani. Mama Birika alikuwa ameshika birika lake kwa mikono miwili, machozi yanamtoka bila sauti.

— Na nyie mnajua, dada alisema.

Saa ya dukani ilikuwa inakaribia saa nne, na kutoka kona ile ofisi ya bustani inayongoja saini iko kushoto, kituo alikofungiwa Paka kiko mbele. Dada hakuondoka. Alisimama juani na shati la mumewe, akimsubiri kaka yake aseme neno ampelekee.