Magauni ya Mtoto Asiyekuwepo

Bwana asifiwe, wapendwa. Nimeomba nisimame kabla ya mahubiri, maana nikisubiri nitachomoka kwa mlango wa nyuma. Mnanijua.

Majilio, majuma haya ya kungoja Krismasi, yananitesa mie. Nyie mkiona kitambaa cha zambarau pale madhabahuni mnafurahi, mie natazama pembeni. Binti yangu mkubwa alifariki kwa homa, Krismasi imekaribia. Gauni lake la sikukuu lilikuwa tayari, jeupe, nimelichagua mwenyewe kwenye mitumba Manzese. Kina mama waliomwosha wakaliomba wamvishe. Nikakataa. Nikawaambia, "Hilo ni la Krismasi." Ndugu zangu, akili haikuwepo. Akazikwa na gauni la kushindia.

Basi nikawa namwota anatetemeka, ananiomba nguo. Majilio yaliyofuata nikarudi Manzese, nikamnunulia gauni. Mwaka uliofuata tena. Na kila mwaka nachukua saizi kubwa zaidi, maana kwa akili yangu mtoto anakua! Muuzaji akiniuliza, "Mwanao mrefu, eeh?" namjibu, "Anarefuka, mdogo wangu, we acha tu." Nikifika nyumbani nalisukumia sandukuni, uvunguni, naogopa hata kulitazama.

Na nyumbani yupo mdogo wake. Huyo sikukuu anavaa alichonacho. Namlisha, namwogesha, lakini simwoni.

Majilio yaliyopita natoka sokoni, mchana kweupe, nikamwona marehemu amesimama mlangoni. Gauni la sandukuni, limemkaa sawasawa. Kapu likanidondoka. Nikamwita kwa jina lake.

Akaitika, "Abee, mama."

Wapendwa, alikuwa mdogo mtu. Aliitikia jina la dada yake aliyekufa, ili mradi mie nimtazame.

Nikapiga yowe. Jirani yangu, Mwislamu, mtu wa Lindi, akaja mbio na unga mikononi. Akatukalisha wote wawili chini. Nikamweleza yote, magauni na ndoto. Akapangusa unga mikononi, akasema, "Dada, mwanao yuko kwa Mungu. Sasa unadhani Mungu kamwacha na baridi?"

Nililia mpaka sauti ikakauka. Miaka yote naimba humu habari za vazi la wokovu, kumbe naimba mdomo tu. Mwanangu alibatizwa. Alishavikwa, na wala si nguo ya kuchagua Manzese. Aliyekuwa uchi ni mie.

Namshukuru jirani yangu. Nawashukuru kina mama wa jumuiya mliokuja tukafungua lile sanduku, mkakunja gauni moja moja na kuyapeleka kwa watoto wenye uhitaji, bila kuniuliza maswali. Sisemi ndoto zimekwisha. Bado anakuja, ila haombi kitu.

Ndugu zangu, nawaambia, waliotangulia wanaye wa kuwavika. Watazameni mlionao. Jana nilimwita huyu wangu, kwa jina lake mwenyewe. Akageuka kwanza kuangalia nyuma yake, kama kuna mwingine. Nitamwita tena leo, na kesho, mpaka azoee kwamba ni yeye.