Risala ya Wakunga wa Munje Kuhusu Wembe wa Bi Jumwa

Mgeni rasmi, Bwana Mkuu wa Wilaya, Bwana Mkaguzi wa Afya uliyeketi mkono wake wa kushoto, Bwana Chifu, wazee, akina mama, na nyinyi wengine mliozaliwa mikononi mwetu, yaani karibu nyote:

MAKARIBISHO

Sisi wakunga wa Munje na vijiji jirani tunakuamkia kwa heshima na tunakushukuru kwa kufika. Barua ilisema utakuja saa tatu, na sasa ni saa saba. Hatukuudhika. Kazi yetu ni kungoja watu wanaokuja kwa wakati wanaoutaka wenyewe. Wewe umefika mzima, kichwa mbele, na hilo latutosha.

Anayesoma ni mwalimu wetu, Bi Sidi, aliyetumwa kutufundisha alipotoka chuoni. Ana haya sana. Maneno ni yetu, naye tumemwapisha asiruke hata mstari mmoja.

TULIKOTOKA

Mgeni rasmi, mama zetu na nyanya zetu walizalisha watu hapa kabla ya serikali iliyoondoka na kabla ya hii iliyokuja. Tulikata kitovu kwa ubua wa mtama, au kwa wembe ule ule ulionyoa ndevu za baba mtoto, tukapaka masizi ya chungu ili kikauke. Watoto wengi waliishi. Lakini wengine, siku ya sita au ya saba, waliacha kunyonya, taya zikafunga, mgongo ukapinda kama upinde, wakatutoka. Tulisema ni nyuni, yule ndege anayepita juu ya paa usiku akachukua mtoto. Tulifunga hirizi, tukafukiza ubani, tukawalaani ndege wengi wasio na hatia.

Mwaka jana, mwaka wa pili wa Uhuru, darasa letu lilifunguliwa. Siku ya nne mwalimu akatuambia hakuna ndege. Akasema ni uchafu unaoingia kitovuni kwa ubua, kwa wembe na kwa masizi, na ugonjwa wenyewe unaitwa pepopunda. Tulimcheka. Bi Kahaso, mwenyekiti wetu, alimwuliza, "Mwanangu, wewe umezaa wangapi?"

"Bado sijazaa, mama."

"Basi kaa kitako, tukueleze habari za ndege."

Asiyecheka alikuwa Bi Jumwa, mkewe Thoya. Alikuwa ameketi nyuma kabisa, mikono mapajani, akaanza kukunja vidole kimoja kimoja. Mkono wa kulia ukaisha, akaingia wa kushoto. Alipofika kidole cha tisa aliinuka, akatoka nje, akaketi kando ya pipa la maji. Mwalimu akamfuata. Sisi tukanyamaza ili tusikie kupitia dirishani. Hatuoni sababu ya kuwaficha hilo.

"Saba wa watu," Jumwa alisema. "Na wangu wawili wa kwanza. Hao niliwakata kitovu mwenyewe, kwa ubua wa shambani kwetu. Basi si ndege, mwalimu. Ni mimi."

Mwalimu aliketi chini mchangani na sare yake nyeupe, akaushika mkono wa Jumwa. Akasema, "Ulikuwa hujui, mama."

Jumwa akajipangusa macho kwa pindo la leso. "Sasa najua. Inuka, mwanangu, sare inachafuka. Rudi ukawafundishe wale, bado wana kicheko mdomoni."

Akarudi, akaketi mstari wa mbele. Kuanzia hapo hakuna aliyecheka.

TULIYOYAFANYA

Tulianza wanawake kumi na wanne na tukamaliza kumi na wanne. Tangu wakati huo tumezalisha watoto sitini na watatu. Pepopunda imechukua mmoja tu, naye alizaliwa njiani kabla hatujafika, akakatwa kitovu na shangazi mwenye haraka.

Bi Jumwa peke yake amezalisha kumi na tisa, na wote wanalia vizuri. Hukata kucha mpaka karibu na nyama. Husugua mikono hadi viwiko kwa sabuni, akimaliza husugua tena. Nyembe zote mpya za mumewe zimekwenda vitovuni. Ndiyo sababu mnamwona Thoya pale na ndevu kama za mbuzi. Tulimwuliza kama hana uchungu. Akasema bora ndevu.

TATIZO LETU

Mgeni rasmi, tuna tatizo moja, nalo ni kunde.

Somo linasema wembe uchemke dakika ishirini. Saa ya kijiji ni moja, ya Mzee Chirau mwenye duka, nayo ilisimama kabla bendera haijapandishwa. Kwa hiyo kila mmoja wetu alipima kwa chungu chake. Aliyepima kwa mchicha tulimkanya, maana mchicha huiva upesi. Jumwa alichagua kunde. Kunde zikilainika, dakika ishirini zimepita zamani, na zingine juu yake.

Siku ambayo Mwanatumu alishikwa na uchungu, kuni za Jumwa zilikuwa chache. Chungu cha kunde kilikuwa kimekwisha kutokota. Akaufunga wembe mpya katika kitambaa safi, akautumbukiza humo humo, akaenda kumtazama mzazi. Nyuma yake akaingia Bwana Mkaguzi kukagua, akamkuta Thoya. Ilikuwa adhuhuri, na Thoya ni mtu wa adabu. Mgeni ndiye hupakuliwa kwanza, tena kutoka chini ya chungu, palipo pazito.

Jumwa aliporudi, Bwana Mkaguzi alikuwa kwenye sahani ya pili. Alikuwa ametoa kitu mdomoni na anakifungua.

"Mama, hiki ni nini?"

"Ni wembe, bwana. Umeiva."

Hakujikata, tunamshukuru Mungu. Wala hakuzisema vibaya zile kunde. Lakini alitoa kalamu na kulifuta jina la Bi Jumwa katika orodha ya watakaopewa vyeti. Jumwa aliupokea wembe wake, akauchemsha upya katika maji matupu kwa kuni za jirani, akaenda kumkata kitovu mtoto wa Mwanatumu. Ndiye huyo anayepiga kelele hapo nyuma na kumkatiza mwalimu. Ana miezi minane.

MAOMBI

Mezani mbele yako yapo masanduku kumi na matatu, yenye nyembe, nyuzi, sabuni na vyeti. Barua yako inasema kuanzia leo asiye na cheti asimguse mzazi, na akimgusa atashitakiwa.

Tunaomba sanduku la kumi na nne. Kosa lilikuwa la jikoni, si la kitandani, na aliyepatwa nalo ni mtu mzima mwenye meno yake yote. Tunaomba pia saa ya ukutani, maana tumechoka kupima usafi kwa kunde.

Utatuuliza mwenye shauri hili yuko wapi, mbona hakuja kujiombea mwenyewe. Alivaa leso yake mpya tangu alfajiri. Tulipokuwa tukikungoja, saa tano hivi, aliitwa nyumbani kwa Mishi, mimba ya kwanza, mtoto ametanguliza miguu. Jumwa aliitazama barua yako, asiyojua kuisoma, akaikunja akampa Bi Kahaso. "Nishikieni," akasema. Akaenda na wembe wa kuazima. Mpaka tunasoma hapa hatujasikia neno kutoka huko.

Ikiwa sheria ni lazima ianze leo, mgeni rasmi, basi watume askari wako wakamkamate. Ni nyumba ya tatu baada ya msikiti, yenye mlango wa buluu. Sisi hatutawazuia. Ila wabishe hodi polepole, wavue viatu, na kabla ya kuingia wanawe mikono kwa sabuni hadi viwiko. Bi Jumwa hatamruhusu mtu mwenye mikono michafu, hata akiwa na pingu.

Mwenyezi Mungu akurudishe kwako salama, awape walio nyumbani mwako uchungu mfupi na watoto wenye sauti kubwa.

Ni sisi,
Wakunga wa Munje na Vijiji Jirani,
kumi na wanne.