Mzee Tsuma Charo na Vitu Alivyokataa Kuvichoma

Kwa jina la Mola Mlezi, anayeneemesha kwa makubwa na kwa madogo. Sifa zote njema ni Zake, na sala na salamu zimshukie Mtume Wake. Wazee wetu mliotutangulia, shikamooni. Walimu, wazazi na wanafunzi, wa msikitini na wa kanisani, amani iwe juu yenu nyote.

Leo Ijumaa, tarehe 28 Novemba 1986, Mzee Tsuma Charo anastaafu baada ya kuitumikia Shule ya Msingi ya Kisima-Kale, hapa Malindi, kwa miaka thelathini na miwili na miezi kumi na mmoja. Alizaliwa Junju, akaajiriwa Januari 1954 akiwa kijana wa miaka ishirini na mitatu, na tangu siku hiyo amekuwa bawabu, mpiga kengele, mtunza ghala, na mara nyingi tabibu wa magoti yaliyochubuka. Walimu wakuu sita wamekuja na kuondoka. Yeye alibaki, na kila aliyekuja alimkuta langoni saa kumi na mbili na nusu asubuhi, kanzu fupi imefuliwa na ufagio mkononi.

Mambo yake ni mengi. Mvua kubwa za mwaka 1961 zilipogeuza uwanja kuwa ziwa, aliwavusha watoto wa darasa la kwanza mgongoni, mmoja baada ya mwingine, na aliyeogopa aliimbiwa. Mwaka 1972 saa ya ofisini iliruka mbele kwa saa nzima, naye akapiga kengele ya kwenda nyumbani mapema. Kabla mwalimu mkuu hajafika dirishani, shule ilikuwa tupu. Alipoulizwa alijibu kwa adabu, "Bwana, saa ndiyo iliyotaka kupumzika, mimi nimeitii tu."

Lakini ikiwa Mzee Tsuma atakumbukwa kwa jambo moja, basi ni kwa amri moja ambayo hakuitii. Aliyeitoa amri hiyo ni mwandishi wa maneno haya, anayefundisha dini shuleni hapa tangu mwaka 1959.

Wakati huo mwandishi aliamini kwamba mchezo ni adui wa somo. Mtoto aliyeingia na pia ya kuzungusha mfukoni alinyang'anywa. Gololi, manati, tiara za karatasi na ufito, vititia vya ukuti vya kuzungushwa na upepo, watoto wa bandia walioshonwa kwa viraka vya kanga, magari ya waya yenye magurudumu yaliyokatwa katika ndara kuukuu, vyote vilikusanywa, na kila Ijumaa Mzee Tsuma alikabidhiwa avichome katika shimo la taka. Moshi ulionekana ukipaa nyuma ya darasa la saba, na mwandishi akaenda msikitini moyo umetulia.

Tarehe 20 Oktoba mwaka huu, Mzee Tsuma alikuwa akimkabidhi mwalimu mkuu wetu, Bwana Gerishom, vitu vya ghala: majembe, mapanga, ndoo, ngazi. Alipomaliza alishusha kutoka darini sanduku la mbao lililowahi kutiwa majani ya chai, akaomba mwandishi aitwe. Ndani mlikuwa na vitu hamsini na vinne. Kila kimoja kilikuwa kimefungwa uzi wa katani wenye mafundo, fundo moja kwa mtoto wa darasa la kwanza, mafundo saba kwa wa darasa la saba. Mzee Tsuma hakusoma, lakini alikigusa kila kitu na kumtaja mwenyewe kwa jina la mtoto na la baba. Miaka yote ile moshi ulikuwa wa majani makavu.

Alipoulizwa kwa nini, alieleza bila haraka. Kwao amri iliyotolewa kwa hasira husubiriwa irudiwe kwa utulivu, na yeye alisubiri. Kuwarudishia watoto kwa siri hakutaka, maana wangemdharau mwalimu wao. Kuchoma nako hakutaka. "Basi nikaviweka, Maalim. Nilijua ipo siku utaviulizia."

Waliosoma vitabu vya dini wanajua kwamba dhambi iliyo baina ya mja na Mola wake hufutwa kwa toba, ama haki ya mja mwenzako haifutiki mpaka irudishwe, au mwenyewe aridhie. Mwandishi amewafundisha watoto somo hilo kwa miaka mingi. Siku ile alilisoma upya, limefungwa kwa katani, mara hamsini na nne.

Bwana Gerishom alipeleka habari mjini na mashambani, na Jumamosi ya tarehe 8 Novemba uwanja wetu ulijaa watu wazima waliokuja kuchukua vitu vya kuchezea. Bi Harusi, muuza vitambaa sokoni na mama wa watoto wanne, alimpakata mtoto wake wa bandia akamwambia, "Ulikuwa wapi wewe? Na mbona umekonda hivi, hawakukulisha?" Wanaume wenye mvi walipiga magoti mchangani kuzungusha pia, wakagombana ni ya nani iliyosimama zaidi. Kila mmoja alitoa radhi kwa kicheko. Vya waliokwisha fariki vilipokewa na ndugu zao, na radhi ikatolewa kwa machozi. Kufikia alasiri sanduku lilibaki na gari moja la waya, lenye mafundo manne.

Gari hilo lilikuwa la Dena wa Ganze. Mwaka 1968 alikuwa mtoto wa miaka kumi, amekaa kwa mjomba wake hapa Malindi ili asome. Aliponyang'anywa alilia kwa namna ambayo haikulingana na kigari, naye mwandishi hakumuuliza sababu. Wakati wa mapumziko Dena aliondoka, akarudi kwa mamake, na hakuonekana tena katika darasa lolote. Wiki ile Mzee Tsuma alisikia kwamba gari liliundwa na babake mtoto, ambaye alikuwa amezikwa mwezi mmoja tu kabla ya hapo. Akaja kwa mwandishi kutaka kulizungumza. Alikatizwa kabla hajafika mbali: "Tsuma, hilo limekwisha ungua." Baada ya neno hilo, kusema kwamba halikuungua ilikuwa ni kumwita mwalimu mwongo, na kukiri kwamba yeye mwenyewe ni mkaidi. Alinyamaza. Alikwenda Ganze mara mbili kumbembeleza mtoto arudi, akarudi peke yake. Katika miaka yake yote ya kazi, huko kunyamaza tu ndiko anakojutia. Jumamosi ile Dena hakuja.

Kwa hiyo Jumapili ya tarehe 16 tulimfuata. Kutoka barabarani hadi kwao tulitembea saa mbili katika vumbi, Mzee Tsuma amelibeba gari kifuani kama mtu abebaye mayai. Tulimkuta mama, Bi Kadii, na Dena mwenyewe, ambaye sasa ni dereva wa lori Mariakani, mtu mkubwa wa mabega asiyesema sana. Mwandishi alitaja kosa lake bila kulipamba, akaomba radhi. Mzee Tsuma naye akaomba ya kwake. Dena alimtazama mamake.

Bi Kadii alilipokea gari, akapitisha kidole kwenye waya. Akasema, "Alikuwa mshoto. Tazameni alivyosokota, yote imekwenda kushoto." Kisha akatuambia kwamba nyumba ile iliungua mwaka 1974, na hakuwa amebakiwa na kitu hata kimoja kilichofanywa kwa mkono wa mumewe.

Ndipo Dena akalichukua gari, akaligeuza, akalipuliza vumbi, akamwambia Mzee Tsuma, "Mzee, wewe umelitunza miaka kumi na minane. Mimi ningelivunja kabla ya Jumamosi." Mamake alicheka kwanza, nasi tukafuata. Maneno hayo ni ukarimu wake Dena, wala si udhuru wetu. Darasa alilolikosa halirudi, naye alitwambia hivyo waziwazi: husomewa barua zake na wengine hadi leo. Lakini alitupa mkono, mmoja baada ya mwingine, akasema, "Nimeridhia. Mbele ya mama, nimeridhia." Bi Kadii akaingia ndani akatoka na kata ya maji, katika nchi ambayo maji hutekwa mwendo wa nusu siku, akasimama mpaka tukamaliza kunywa.

Mzee Tsuma, shule hii inakushukuru kwa kengele zote, kwa migongo yote uliyoitoa, kwa kila goti ulilolifunga kitambaa. Mwandishi ana shukurani yake mbali. Lau ungemtii, angekutana na Mola wake na majivu mkononi, na kwa majivu hakuna anayeweza kumwita mwenyewe aje achukue chake. Rudi Junju kwa salama, ulime kwa afya, wajukuu wakuchoshe kwa kelele zao, na siku zako zilizobaki ziwe nyepesi kuliko zilizopita.

Na wewe unayesoma, Mwenyezi Mungu akubariki pamoja na wote walio chini ya paa lako. Akupe riziki ya halali, awakinge watoto wako na hasira za wakubwa, na ikiwa iko haki ya mtu mikononi mwako, akujaalie uifikishe kwa mwenyewe akiwa hai. Amin.

Maalim Abdulhalim Mahadhi
Kwa niaba ya walimu na wafanyakazi wa Kisima-Kale