Mwalimu Ildefonce Ntabindi, Mwami wa Nane Nane (1951–2024)

Mwalimu Ildefonce aliagiza mapema kwamba wasifu wake usimfanye malaika. "Watu wa Bukiriro wananijua," alimwambia binti yake Joyceline. "Mkinisifu kupita kiasi watachekea kaburini, na kaburini hapachekwi." Familia imelitii agizo hilo. Basi na isemwe tangu mwanzo: marehemu alikuwa mume mwema na mwalimu hodari, na alikuwa na wivu. Si wivu wa kumwendea jirani kwa mganga. Ulikuwa wivu wa kutaka atazamwe yeye.

Marehemu alizaliwa tarehe 14 Mei 1951 katika kijiji cha Bukiriro, wilayani Ngara, akiwa mtoto wa pili wa Mzee Ntabindi na Mama Felisita, ambao wote wametangulia mbele ya haki. Mama yake alikuwa akisimulia kwamba kila alipomnyanyua kaka mtu, Anatoli, mdogo alilia mpaka akapaliwa. Akimweka Anatoli chini, mdogo alinyamaza papo hapo na kuanza kucheka. "Huyu hakuja na njaa ya maziwa," alisema Mama Felisita. "Amekuja na njaa ya macho ya watu."

Alianza shule ya msingi hapo hapo Bukiriro mwaka 1960. Wakati wa mchezo wa Noeli, mwaka alipokuwa darasa la tatu, Anatoli alipewa kuwa Mfalme Herode, naye akapewa kuwa kondoo. Wazee waliokuwepo wanakumbuka kwamba Herode hakusikika hata neno moja mwaka ule, maana kondoo alilia "mee" tangu malaika alipoingia mpaka Mamajusi walipoondoka. Padri alicheka hadi akavua miwani. Mwaka uliofuata Ildefonce alikuwa Herode, na hakuna mwanafunzi aliyethubutu kumnyang'anya taji tena. Baadaye alisomea ualimu mkoani Mwanza na kuhitimu mwaka 1972.

Mwaka 1973 alipangiwa kazi Nyakahura, wilayani Biharamulo, akafundisha huko kwa miaka kumi na mitatu. Ndiko alikokutana na Magdalena Nyamizi, binti wa Mzee Luhende, mfugaji aliyehamia huko na ng'ombe zake kutoka Shinyanga. Alikuwepo kijana mwingine aliyemtaka Magdalena, Methusela, mwenye baiskeli yenye taa na miguu inayojua ngoma. Mzee Luhende alimchagua mwalimu, lakini siku ya harusi, Jumamosi tarehe 16 Julai 1977, Methusela aliingia uwanjani akacheza mpaka wageni wakamsahau bwana harusi. Mwalimu alivua koti, akalitupa, akaingia naye. Mhangaza wa Ngara akacheza ngoma ya Kisukuma ambayo hakuwahi kufundishwa, mpaka soli ya kiatu ikabanduka na kuruka hadi kwenye meza ya wazee. Mzee Luhende aliiokota, akaitazama, akasema, "Mwalimu huyu ataniulia binti kwa kicheko." Mama Magdalena anasema ndoa yake ilianza pale, si kanisani.

Walirudi Bukiriro mwaka 1986. Hapo ndipo marehemu alipoanzisha kikundi cha maigizo ambacho wengi mmekiona uwanjani pa shule kila sikukuu ya Nane Nane. Mchezo ulikuwa mmoja miaka yote, nao aliutunga mwenyewe kutokana na masimulizi ya bibi yake: habari za Mwami Nshakara, mtawala wa zamani, ambaye Mzungu alimjia na fimbo, akachora mstari ardhini, akamwambia nchi sasa imekatwa vipande viwili, achague upande wake. Mwami anachukua kigoda chake, anakiweka juu ya mstari wenyewe, anakaa. "Mpaka umenikuta nimekaa," anamjibu. Hapo vigelegele hulipuka, na ng'ombe wa jirani hukata kamba.

Mwalimu alikuwa Mwami kwa miaka zaidi ya ishirini na mitano. Alivaa lubega nyekundu iliyofungwa begani, akatembea polepole, na watoto waliozaliwa wakati huo walikua wakiamini kwamba Mwami Nshakara alikuwa na kipara. Mzungu alichezwa na Juvenali wa Kibimba, seremala, aliyejipaka unga wa muhogo usoni. Juvenali alizaliwa ng'ambo, Burundi, akavushwa mto Ruvubu mgongoni kwa mama yake mwaka 1972, akakulia huku, akapata uraia huku. Kwa muda wote huo mwalimu alimpenda sana, kwa sababu Mzungu ndiye aliyezomewa.

Mambo yaliharibika Nane Nane ya mwaka 2014. Malaria ilimwangusha mwalimu asubuhi ile ile, na kikundi kikamvisha Juvenali lubega. Nyumba ya mwalimu, kama mjuavyo, imepakana na uwanja. Alilala akisikiliza. Ilipofika pale pa kigoda, vigelegele vilipanda, vikakaa huko juu, vikakataa kushuka. Mama Magdalena alikuwa anamkanda kwa kitambaa cha maji.

"Kuna mtu ameteleza," alisema mwalimu.

"Hakuna aliyeteleza, baba Benedicto. Wanashangilia."

"Basi wanashangilia aliyeteleza."

Jioni Juvenali alikuja kurudisha kigoda na nguo. Alichuchumaa mlangoni. "Shikamoo, mwalimu."

"Marahaba. Watu walikuwa wachache?"

"Wachache, mwalimu," alijibu Juvenali. "Na wote walikuwa wanakuulizia wewe."

Uwanja mzima ulikuwa bado unanuka vumbi la watu. Mwalimu alijua anadanganywa, na alijua anadanganywa kwa upendo, na jambo hilo lilimuuma kuliko vigelegele vyenyewe. Wiki ile ile, mnadani, mtoto mmoja alimwonyesha Juvenali kwa kidole: "Mama, Mwami yule!" Mwalimu alikuwa amesimama hatua chache tu, na mkungu wa ndizi mkononi. Alirudi nyumbani bila chumvi aliyotumwa.

Mwaka 2015 aliitisha mkutano wa kikundi darasani, baada ya misa. Alikuja na hoja, na haki isemwe, haikuwa hoja ya kijinga. Alisema mtu wa historia na achezwe na mtu wa nchi yake. Alisema mgeni anaweza kuyajua maneno yote na bado asijue yanauma wapi. "Nguo ya baba haivai jirani," alisema. "Mwami ni wetu. Achezwe na Mtanzania wa kuzaliwa." Baadhi walitikisa vichwa kukubali. Lakini kila aliyekuwepo alijua hoja ile inamtazama nani, na Juvenali alikuwa amekaa dawati la nyuma akitazama viganja vyake.

"Mwalimu," alisema hatimaye, "mimi nilivuka nikiwa mgongoni. Sikuchagua upande."

Mwalimu aliomba kura ipigwe, akainua mkono wa kwanza, akawakodolea macho waliochelewa mpaka nao wakainua. Sheria ikapita: kila mhusika achezwe na mtu aliyezaliwa nchi yake.

Ndipo akasimama Bibi Clotilda, ambaye miaka yote alikuwa mama yake Mwami katika mchezo.

"Mwarimu," alisema, "mimi ndiye ninayekuzaa kira mwaka. Nakuzaria wapi?"

Onyesho la kwanza la mchezo, alilolitunga mwalimu mwenyewe na kulifanyia mazoezi tangu mwaka 1986, ni mama yake Mwami, mke mkubwa, kurudi kwa mama yake kujifungua mtoto wa kwanza, kama desturi ilivyotaka. Na kwa mama yake ni ng'ambo ya Ruvubu.

"Ng'ambo," alisema mwalimu kwa sauti ndogo.

"Basi sheria ni sheria. Humu ndani ariyezariwa ng'ambo ni mmoja tu." Bibi Clotilda alianza kuketi, kisha akasimama tena. "Na tena, Juvenari amekuwa Mzungu miaka yote hii. Nani aliwahi kumuuriza pasipoti? Tulimuuriza unga tu."

Wivu haumpi mtu nafasi ya kusoma alichoandika mwenyewe. Mwalimu alitoka nje bila kuaga, akapita katikati ya uwanja wake, na lubega ikawa ya Juvenali.

Hakulala Bukiriro wiki ile. Alimchukua Mama Magdalena wakaenda Nyakahura kwa shemeji yake Ferdinand, eti kuangalia ng'ombe. Haukupita mwezi akawa amekusanya watu wa gulioni na kuwatungia mchezo mpya, wa mtemi wa kale wa Biharamulo. Mtemi, bila shaka, angekuwa yeye. Wasubi, wenyeji wa huko, walimsikiliza kwa adabu, maana wengi wao aliwafundisha kusoma.

"Mwalimu, mchezo mzuri," mmoja alisema. "Lakini mtemi wetu atachezwa na Msubi. Wewe ni Mhangaza wa Ngara. Utajuaje panapouma?"

Alimtazama Ferdinand amtetee. Ferdinand ndiye aliyekuwa amewasimulia habari ya ile kura, kwa hiyo alitazama ng'ombe. "Ila nafasi ya Mzungu tunayo," alisema shemeji. "Unga upo."

Na hivyo, siku ya gulio, mbele ya watu wa barabarani na wachuuzi wa mihogo, Mwalimu Ildefonce Ntabindi alipakwa unga. Jasho likautiririsha hadi machoni. Wakamzomea. Mtoto mmoja akamrushia ganda la ndizi, na mama yake hakumkemea. Usiku huo alimwambia Mama Magdalena, "Huyu bwana amevumilia haya miaka yote, halafu jioni anakuja kuniambia shikamoo." Kisha akaongeza, "Lakini Mzungu wangu ni bora kuliko wake."

Walirudi Bukiriro kabla ya Nane Nane. Hakuomba msamaha, hakuwa fundi wa jambo hilo. Alimwendea Juvenali kwenye karakana yake, akachukua msasa, akasugua mguu wa meza usio wake kwa muda mrefu, kisha akasema, "Mwaka huu Mzungu ni mimi. Na kigoda usikiweke kwa haraka. Mwami hana haraka." Juvenali alijibu, "Ndiyo, mwalimu." Kuanzia hapo mmewaona wote wawili, na mmeona pia jinsi Mzungu alivyokuwa akikohoa kila Mwami alipofungua kinywa, akidondosha kofia, akichora mstari mrefu usiohitajika hadi mbele kabisa kwa wageni waalikwa. Wivu haukumtoka. Aliufundisha tu kukaa mezani na watu.

Mwanzoni mwa mwaka 2023 moyo ulianza kumsumbua. Miguu ilivimba, na ngazi mbili za kanisa zikawa mlima. Alitibiwa Ngara mjini, kisha akapelekwa hospitali ya rufaa, ambako daktari alimkataza jua na kelele. Nane Nane ya mwaka huu alitoka kitandani, akajipaka unga mwenyewe, akaenda uwanjani. Alichora mstari wake. Alipotaka kuuliza lile swali, "Wewe ni wa upande gani?", magoti yalimwacha. Juvenali hakusubiri. Alikiweka kigoda juu ya mstari kama kawaida, lakini hakukaa. Alimshika Mzungu kwapani, akamkalisha yeye, kisha Mwami mwenyewe, na lubega yake, akakaa chini kwenye vumbi miguuni pake. Watu walidhani ndivyo mchezo ulivyotungwa upya. Vigelegele vya siku ile mlivisikia. Mwalimu, akihema, unga ukimdondoka kifuani, aliinua mkono kuvipokea.

"Vile vilikuwa vyangu," alimwambia Mama Magdalena nyumbani. "Au vilikuwa vyake?"

"Vyako, baba Benedicto."

"Usinidanganye kama yeye."

Alilazwa tena mwezi Oktoba. Juvenali alipanda basi kila Jumamosi kwenda kumwona, na kila mara mwalimu alimsahihisha jambo: bega, sauti, namna Mwami anavyogeuza shingo. Mwalimu Ildefonce alifariki dunia Jumapili tarehe 3 Novemba 2024, alfajiri, mkewe akiwa kando yake.

Marehemu ameacha mjane, Magdalena Nyamizi. Watoto watatu, Benedicto, Joyceline na Nice. Wajukuu kumi na mmoja. Na kaka yake, Mzee Anatoli, ambaye ametuomba tuandike kwamba Herode wa kwanza bado yu hai. Familia ilikuwa imeandika jina la Juvenali kwenye orodha ya marafiki. Mwalimu alipoonyeshwa rasimu hospitalini aliikataa. "Mtoeni huko. Muandikeni kwa watoto," alisema. "Lakini awe wa mwisho, na herufi zake zisizidi zangu." Kwa hiyo na isomwe hivi: ameacha pia mtoto wake Juvenali, wa Kibimba, aliyevuka mto mgongoni. Yeye ndiye atakayeitandaza lubega nyekundu juu ya jeneza leo, kwa sababu nguo ya baba huvaliwa na mtoto.

Likabaki agizo la mwisho, ambalo marehemu alilitoa siku mbili kabla ya kutuacha, akimshika Juvenali ukosi wa shati. Juvenali ameomba lisomwe mbele yenu nyote ili lisimshinde.

"Siku ya kunizika usiigize. Unanisikia? Ukilia, lia kidogo, kama watu. Siku hiyo moja, waache wanitazame mimi."

Mwalimu, tunakutazama. Upumzike kwa amani.