Mzee Matata Abedi na Maternite ya Kamilembe

Tarehe 31 Desemba 1958, baada ya miaka thelathini na miwili katika biro ya vipimo na ujenzi hapa Kindu, Mzee Matata Abedi atatundika kofia yake ukutani kwake, na asubuhi itakayofuata hataishusha. Shefu wa biro ameniomba niandike maneno ya kumuaga katika gazeti letu la wafanyakazi. Nadhani aliniomba kwa kuwa nimefanya kazi na Mzee Matata muda mrefu, si kwa kuwa naandika vizuri. Hilo wanalijua wale wawili waliosoma taarifa yangu ya mwaka jana juu ya mifereji ya mtaa wa Kasuku.

Mzee Matata aliingia kazini Januari 1927, kijana mwembamba wa mjini, mtoto wa familia ya Kiislamu yenye mashamba ya mpunga. Alipewa mwisho wa mnyororo wa kupimia, tena mwisho wa nyuma, ule unaopita matopeni baada ya wengine wote kuyakoroga. Akiwa na mnyororo huo alitembea njia ya Punia kabla haijastahili kuitwa barabara. Wenzetu wanaotoka Punia watasema hata leo haijastahili.

Baada ya vita alipandishwa kuwa mpimaji msaidizi, akapewa kazi ambayo wengi wetu tuliikwepa. Serikali ikitaka kujenga nyumba nyingi pembeni mwa mji, lazima mtu atangulie kuangalia wakaaji wa karibu wana nini tayari. Wanachota maji wapi? Watoto wao wanasoma wapi? Soko liko mbali? Wagonjwa wanapelekwa kwa nani? Kutokana na majibu hayo wakubwa huamua kipi kiongezwe kwenye plani na kipi kiachwe. Inaonekana kazi nyepesi mpaka uifanye. Kila mtu anayekuona na karatasi anadhani umekuja kumhesabia kodi au kumbomolea nyumba.

Mzee Matata alikuwa na njia yake. Kabla ya swali lolote aliomba maji ya kunywa. Kikombe kikija upesi, kisima kiko karibu. Kikija baada ya muda mrefu, tena na maji nusu, alikuwa ameshapata jibu bila kumsumbua mtu. Kule Tunda alipita nyumba kwa nyumba mchana kutwa akitumia njia hiyo, kikombe kila mlango, na mambo yaliyompata njiani tuliporudi sitayaandika, maana gazeti hili linasomwa pia na wake zetu.

Lakini mimi nataka kusimulia habari ya Kamilembe. Yeye mwenyewe hakunipa ruhusa, ila hakunikataza, na kwa Mzee Matata hiyo ni ruhusa kubwa.

Mwaka 1952 ilikusudiwa kujengwa site mpya ya nyumba za serikali nyuma ya mtaa wa Kamilembe, ng'ambo ya reli. Tulitumwa mimi na yeye. Mimi nilikuwa klaki wake wa kuandika majibu, nimetoka shule ya mapadri na kalamu mbili mfukoni, nikijiona mtu wa maana sana. Kitu kilichohitajika zaidi kujulikana kilikuwa kimoja: je, kina mama wa upande ule wana mahali pa kujifungulia? Hospitali iko upande wa mjini, na kati yake na Kamilembe inapita reli. Treni ya mizigo ikisimama kungoja nafasi bandarini, mabehewa yanaziba njia, na aliye upande wa huko anabaki huko.

Mzee Matata hakuhitaji kuelezwa. Mtoto wake wa tatu alizaliwa pale pale kando ya mabehewa, mkewe Riziki, aliyekuwa huko kwa wazazi wake, akingoja njia ifunguke. Mtoto hakulia. Tulioko bironi tulilijua jambo hilo, na hakuna aliyewahi kulitaja mbele yake.

Tulipofika Kamilembe tulipokewa kama watu wa harusi. Njia zimefagiliwa, viti vimepangwa, wali na samaki wa Lualaba vimeshapakuliwa. Nilikula vizuri. Kisha tukaongozwa hadi kwenye nyumba ya mkunga wa mtaa, Mama Hadidja, ambayo tuliambiwa, “Njo maternite yenyewe,” ndiyo nyumba ya kujifungulia.

Hapo Mzee Matata akasimama nje ya uzio kama mtu aliyefika mwisho wa dunia. Mama Hadidja ni mama mzazi wa Riziki, mkewe. Kwetu sote tunajua mambo ya mama mkwe: huingii chumbani mwake, humtazami usoni, na ukiwa na neno naye linapitia kwa mtu mwingine. Kwa hiyo niliingia mimi.

Nilitoka nikiwa nimefurahi kweli kweli. Nikampa taarifa pale pale nje ya uzio: vitanda vinne vya mbao, vipya, beseni za kung'aa, mashuka meupe ambayo hata mimi sikuwa nayo nyumbani kwangu.

“Hata herufi wametarizi pembeni,” nikamwambia, “kwa uzi wa buluu.”

“Herufi gani?”

Nikamtajia. Mzee Matata akafunga macho. Ilinichukua muda kuelewa, jambo ambalo halitamshangaza yeyote anayenijua. Herufi hizo tuliziona kila siku kwenye mto wa kile kiti cha bironi ambacho sisi hatukai. Shefu tuliyekuwa naye wakati ule alikuwa na mke aliyependa sana kutarizi, na kijana aliyewafulia nguo alikuwa mkaaji wa Kamilembe.

Basi kila kitu kilikuwa cha kuazimwa. Vitanda vilitoka kwa seremala, vingali vinangoja wenyewe. Beseni zilitoka dukani. Watu wa Kamilembe walikuwa wamesikia kwamba mtaa maskini utabomolewa na mtaa wenye vitu vyake utaachwa, wakafanya kama afanyavyo kila mmoja wetu mgeni akija: wakaazima kwa jirani. Hawakujua kwamba mambo yalikuwa kinyume. Kama maternite ipo, hakuna wa kuwajengea nyingine.

Ningekuwa mimi, ningepiga kelele. Mzee Matata aliusogelea uzio wa matete, akaupa mgongo kwa heshima, akaniweka mimi mlangoni. Upande wa pili tulimsikia Mama Hadidja akivuta kigoda na kukaa. Kati yao palikuwa na hatua chache tu na mimi. Kila mmoja alimsikia mwenzake vizuri kabisa.

“Louis,” akasema, “mwambie mama nashukuru kwa chakula.”

Nikageuka. “Mama, anashukuru kwa chakula.”

“Nimesikia,” akasema Mama Hadidja. “Mwambie asante. Mwambie pia amekonda. Riziki hapiki?”

Nikageuka. “Anasema umekonda.”

“Mwambie mama, Riziki anapika sana. Mwambie vilevile kwamba biro haitaki kubomoa Kamilembe. Nyumba mpya zitakaa nyuma ya kijito. Mtaa huu hauguswi.”

“Mwambie njo vile walisema kwa watu wa kule bandarini. Leo wako wapi?”

“Mwambie nimeiona plani kwa macho yangu.”

“Plani njo karatasi. Yeye anaapa kwa nini?”

Mzee Matata akavua kofia yake. “Mwambie naapa kwa watoto wa Riziki.”

Sikugeuka haraka. Nilipogeuka, yule mama alikuwa ameshaondoa mkono uliokuwa shavuni.

“Sasa mwambie mama hivi,” Mzee Matata akaendelea, polepole kidogo. “Kitu chenye kuwa hapa, serikali haitakijenga. Kitu chenye kukosa, tunaweza kukiomba. Muulize: wanawake wawili wakishikwa na uchungu siku moja, wa pili anamulalisha wapi?”

“Mwambie pale mimi ninalala.”

“Na wa tatu?”

Nilikuwa nimeshafungua mdomo nilirudie swali. Mama Hadidja akaniinulia kiganja.

“Wa tatu tunamupeleka hospitali. Mwambie asiniulize njia. Yeye njo anajua nani alingojea treni.”

Nyuma yangu Mzee Matata alikuwa anatazama upande wa reli. Sauti ya ndani ikarudi, safari hii bila ukali.

“Louis, mwanangu, mwambie mukwe wangu vitanda njo vya watu. Beseni pia. Mimi niko na mikeka miwili na sufuria moja. Aandike hivyo. Na mashuka…”

“Mwambie mama ju ya mashuka hatujaona kitu,” akasema Mzee Matata haraka. “Mwambie tu yarudi kabla ya kesho.”

Yalirudi. Yalifuliwa tena, yakapigwa pasi mpaka yakasimama yenyewe, na tuliambiwa kwamba yule mke wa shefu alimsifu kijana wake kwa weupe ambao hajawahi kuuona. Kijana yule sasa ni baba wa watu na anajua kwamba namwandika yeye.

Taarifa ilikuwa na neno moja tu kwenye mstari wa uzazi: hakuna. Shefu hakulikubali. Kwenye ramani, alisema, kutoka Kamilembe mpaka hospitali si zaidi ya upana wa kidole gumba. Mzee Matata hakubishana naye. Kila mara taarifa iliporudishwa, aliipeleka tena na neno lile lile. Wengine tulimshauri alilainishe kidogo, aandike “haitoshi”, maana orodha ya kupandishwa cheo ilikuwa inatayarishwa mwezi ule ule. Alitusikiliza vizuri kama kawaida yake, akaandika “hakuna”.

Mwishowe shefu akasema basi, twende nikaone mwenyewe. Walikwenda kwa miguu, nami nyuma yao nikibeba mwavuli. Treni ya mizigo ilikuwa imesimama. Tulingoja. Shefu alitazama saa, akatazama mabehewa, akanunua karanga kwa mama mmoja aliyekuwa anangoja pia, tukazila wote watatu. Jua likatuchoma bila kutuchagua. Mzee Matata aliyatazama mawe kando ya njia ile, na mimi niliyejua sababu nilikuwa natazama viatu vyangu. Mabehewa yalipojivuta hatimaye, shefu alikuwa ameshatoa penseli, akachora nyumba ndogo kwenye plani, ng'ambo ya reli, upande wa Kamilembe.

Kupandishwa cheo kulichelewa. Kulikuja miaka miwili baadaye, na sherehe aliyotufanyia ilikuwa ya soda na maandazi, jambo ambalo sisi wengine tumemsamehe ila hatujalisahau.

Maternite ya Kamilembe ilifunguliwa 1955. Ina vitanda vyake yenyewe. Mama Hadidja aliajiriwa humo kumsaidia muuguzi, Bibi Adolphine, ambaye anakiri kwamba hadi leo hajui nani kati yao anamwamuru mwenzake. Tangu hapo Mzee Matata amekagua site nyingine, na visima, na soko jipya, na uwanja wa mpira ambao alitushauri tusiulalishe kuelekea mtoni. Hatukumsikia, na sasa kila Jumapili mipira inaelea kwenda Kisangani. Kazi zote hizo zimeandikwa vizuri mahali pake na sina haja ya kuzirudia. Wapimaji vijana aliowafundisha wanajaza biro nzima, na wote wakifika mahali wanaomba kwanza maji ya kunywa.

Oktoba iliyopita binti yake wa mwisho, ambaye ameolewa Kamilembe, alishikwa na uchungu saa za kazi. Mzee Matata aliomba ruhusa, nami nikamsindikiza. Nilibaki nyuma njiani, kwa sababu ya mguu wangu wa kushoto na uvivu wangu wa kulia. Kwa hiyo alipofika kwenye veranda ya maternite alikuwa peke yake, na mlango ulipofunguka alitoka Mama Hadidja na mtoto mikononi. Nilikuwa bado langoni. Niliwaona wote wawili wakisimama, yeye anatazama sakafu, mama anatazama kando, kila mmoja akitafuta mtu wa kupitishia maneno. Mtu huyo nilikuwa mimi, na sikusogea.

Mama Hadidja akamfunua mtoto uso. Mtoto alikuwa analia kwa nguvu zake zote.

“Mwambie babu yako,” akamwambia kile kichanga, “wewe njo hukungojea treni.”

Mzee Matata, kwa niaba ya biro nzima, asante kwa miaka yote hii, kwa mnyororo na matope na kwa lile neno moja ulilokataa kulilainisha. Mungu akupe wewe na mkeo Riziki siku nyingi za amani Kamilembe, karibu na wajukuu, na akupe kila mara mtu wa kupitishia maneno kwa mama mkwe wako. Mimi nikikosekana, yule mdogo anakua vizuri.

Louis Onema, klaki