Régine Kalenga, Aliyemtafuta wa Kumi

Wasifu huu unasomwa na Émérance, mdogo wa marehemu, wa tumbo moja. Ameuandika harakaharaka, kwa kuwa watu wa sala ya Régine hawapendi mazishi yacheleweshwe. Mtamvumilia pale atakapokosea.

Régine Kalenga alizaliwa Lubumbashi tarehe 14 Machi 1956. Baba yake, Papa Salomon, alikuwa Myahudi wa kutoka kisiwa cha Rhodes, muuza vitambaa. Mama yake, Maman Marie-Jeanne Banza, alikuwa mteja aliyejua kupatana bei mpaka muuzaji akaona heri amwoe. Papa Salomon alifariki Régine akiwa bado mdogo. Mama akaolewa tena, akamzaa Émérance, na nyumba nzima ikawa ya Kikristo. Kutoka kwa baba yake Régine alibaki na mishumaa miwili ya Ijumaa jioni na maneno machache ya sala. Maana yake hakuijua, ila hakuna aliyeweza kumsahaulisha.

Alisoma kwa masista, akawa wa kwanza katika somo la dini, jambo lililowachekesha sana rafiki zake wa baadaye. Mwaka 1979 alikuja Brussels kusomea uuguzi, akapanga chumba Ixelles, na mwaka 1983 akapata diploma.

Alifanya kazi katika nyumba ya wazee huko Evere mpaka alipostaafu mwaka 2021. Huko ndiko bibi mmoja alipomwomba amwashie mishumaa ya Ijumaa. Régine akawasha, na bila kufikiri akayasema yale maneno ya Papa Salomon. Yule bibi alimshika mkono, akakataa kumwachia mpaka aeleze aliyatoa wapi. Tangu hapo Régine hakutulia. Kwao Uyahudi hufuata mama, si baba, kwa hiyo alisoma miaka kadhaa, na mwaka 1988 akapokelewa rasmi kuwa Myahudi, kwa wale ambao kwao mwanamke huhesabiwa katika sala sawa na mwanamume.

Wakati huo alikuwa ameshaolewa. Alifunga ndoa mwaka 1986 na Hilaire Ushindi, dereva wa basi kutoka Bukavu, Mkristo asiyekosa misa. Ijumaa nyumba ilikuwa ya Régine, Jumapili ilikuwa ya Hilaire, na siku zilizobaki ilikuwa ya Noé, mtoto wao wa pekee, aliyezaliwa tarehe 3 Juni 1990. Alipotimiza miaka kumi na mitatu, Noé alisoma Torati mbele ya watu wote. Hilaire alilia kuliko Wayahudi wenyewe.

Mwaka 2001 Régine na wenzake walianzisha jumuiya ndogo ya sala, chini kabisa katika nyumba moja ya zamani, Saint-Gilles. Rabi hawakuwa naye, wala mtu wa kulipwa. Aliyejua kusoma alisoma, aliyejua kuimba alianzisha, na aliyekuwa na kifua alisimama mlangoni kulinda. Régine alishika ufunguo, akapanga viti, akapika supu, na kila Alhamisi akawapigia watu simu mpaka wakamwogopa. Bila watu kumi, sala kubwa hazisemwi. Hata Kadishi haisemwi, ile sala ambayo kwayo aliyefiwa humsifu Mungu kwa ajili ya maiti wake.

Kwao kuwahesabu watu kwa tarakimu si vizuri. Wengine hutumia aya yenye maneno kumi. Régine alitumia chakula cha nyumbani. Alipita kwenye viti akigusa bega moja baada ya jingine: bukari, sombe, samaki, lengalenga, mpaka afike wa kumi, ambaye alikuwa chumvi. Jioni ya kukosa mtu mmoja alitoka mlangoni akatazama barabara, akarudi akisema, "Bado chumvi." Wazungu wa watu walijifunza neno hilo la Kiswahili kabla ya mengine yote.

Kuna jioni moja ya theluji walingoja wee, supu ikapoa, watu wakaanza kuvaa makoti. Priscille, mwalimu mmoja wa jumuiya hiyo, akamtazama akamwuliza: "Maman Régine, na wewe umejihesabu?" Hakuwa amejihesabu. Walikuwa kumi tangu mwanzo. Walicheka mpaka mtu akaangusha kiti.

Lakini hesabu hiyo hiyo ilimgharimu. Ijumaa tarehe 12 Machi 2010 Hilaire alikuwa hospitali, moyo umemchoka. Priscille alikuwa amefiwa na mama yake wiki ile, amekuja kusema Kadishi, na safari hii walikuwa kumi barabara, Régine akiwemo. Émérance akampigia dada yake simu kutoka kando ya kitanda: "Yaya, kuya mbio. Hilaire anaenda."

"Nikitoka banabakia tisa," Régine akajibu. "Nakuya, donc munipe wakati kidogo tu."

Alipofika, Hilaire alikuwa amekwisha funikwa uso. Noé alisimama mlangoni mwa chumba, akamwambia mama yake mbele ya watu: "Papa alikuwa anakufa, na weye ulikuwa unahesabu bantu. Bon. Kuanza leo usinihesabu tena."

Noé alihamia kanisa la baba yake, na hakukanyaga tena Saint-Gilles. Mama na mwana walisalimiana kwenye harusi na matanga, basi. Régine hakujitetea hata siku moja. Émérance anasema wazi, hata leo, kwamba dada yake alikosa kwa kutokwenda. Anasema pia kwamba hajamwona mtu aliyeadhibiwa kwa muda mrefu namna ile. Kila Ijumaa Régine alipanga kiti kimoja cha ziada karibu na dirisha, na hakuruhusu mtu akiwekee koti.

Novemba 2023 madaktari walimkuta na saratani ya kongosho. Jumuiya nayo ilikuwa inaugua: wengine wamezeeka, wengine wamehama, wengine wana hofu ya kuonekana wakiingia. Walibaki kumi, Régine akiwemo. Akakataa kulazwa siku za Ijumaa. Mara za mwisho walimleta kwa kiti cha magurudumu, amefungwa blanketi, na aliposhindwa kuimba alikaa tu, akahesabika.

Alifariki nyumbani kwake Jumanne tarehe 11 Februari 2025, mkono wake ukiwa mkononi mwa Émérance. Maneno yake ya mwisho yenye kueleweka yalikuwa haya: "Kadishi yangu, nilitaka Noé aiseme. Akikataa, usimugombeze. Lakini umuulize."

Ameacha mdogo wake Émérance, mwanawe Noé, mkaza mwana Graciella, na mjukuu Jémima, ambaye alimwona kwa picha tu. Ameacha pia watu tisa wa sala, wanaosimama pale upande wa kushoto wa kaburi. Tangu jana wamepiga simu kila mahali. Mmoja ana homa, mwingine yuko ng'ambo, wengine hawasali na wanawake. Asubuhi ya leo wamehesabiana mara tatu, wakitumaini kwamba kuna mmoja aliyejisahau. Hakuna. Émérance angejitoa mwenyewe, lakini si Myahudi, hafai.

Aliyezaliwa na Régine baada ya mwaka 1988 ni Myahudi kwao, asali kanisa gani, awe na hasira kiasi gani. Huyo anafaa. Basi Émérance anauliza kama alivyotumwa, bila kugombeza: Noé, mwanangu, mama yako amekwisha toka katika hesabu, na banabakia tisa. Bado chumvi.

Mungu ampumzishe Régine mahali ambapo hakuna anayepungua.