Majibu Matamu Yaliyomwangusha Ikram

Mgeni rasmi, Mama Mwenyekiti wa Bodi. Meneja wetu, Ndugu Meshack. Viongozi wa mtaa. Ndugu wafanyakazi wenzetu:

MAKARIBISHO

Mwakeye, Mama, ndiyo salamu yetu ya huku. Karibu Ujiji, karibu kiwandani kwetu. Harufu ya dagaa utaizoea, sisi tumeshaisahau. Tumefurahi mno kukuona, na furaha yetu ya leo ina jina la mtu. Ni Ikram Luqman, karani wetu wa utumishi, yule pale mwenye kilemba cha kijani, anayetutazama kwa wasiwasi kwa sababu risala hii hatukumwonyesha.

ALIKOTOKA

Ikram alianzia kwenye chanja, akigeuza dagaa juani pamoja na mama yake, marehemu Bi Mwamini. Akajiendeleza mpaka akawa karani. Mwaka juzi akatuambia amepata nafasi ya shahada ya uzamili, anakwenda kusomea mashirika na tabia za watu kazini. Bi Hadija, mkubwa wetu wa chanja, akamwuliza, "Mwanangu, tabia nayo inasomewa? Si mtu huzaliwa nayo?"

"Mama," Ikram akamjibu, "nasomea kwa nini mtu nyumbani ana mdomo na kazini hana."

Tulicheka sana. Kila mmoja alidhani anasemwa mwenzake.

MAFANIKIO

Mafanikio ya kiwanda Meneja atayasoma, nayo si haba. La kwetu ni kwamba Ikram hakusoma peke yake. Wakati wa chai alitusomea kwenye simu yale aliyofundishwa, tena kwa raha, kama mtu anayesimulia harusi. Nasi yakatuingia. Siku hizi tunabishana juu ya uongozi na motisha utadhani tuko bungeni. Nuhu wa mizani anamwambia hata mkewe, "Hapo umenivunja motisha." Mama, hatujawahi kuwa na msomi wa uzamili aliyetoka kwenye chanja zetu. Tukimwona na kitabu, vichwa vinatuvimba.

CHANGAMOTO

Ulipofika wakati wa utafiti, Ikram alituchagua sisi. Akatugawia madodoso, akatuambia tusiandike majina. Hapo ndipo tulipoharibu. Alipotoka tu, Bi Hadija alituita akasema, "Huu ni mtihani wa mtoto wetu. Atakayejibu vibaya asinisalimie tena."

Tukajibu vizuri. Unaridhika na kazi? Mno. Unashirikishwa kwenye maamuzi? Kila mara. Nuhu, ambaye hasemezani na msimamizi wake wa zamu tangu masika, aliandika kwamba msimamizi huyo ni kama baba yake mzazi. Bi Veneranda hakuiona miwani yake, akanakili kwa jirani. Tukarudisha karatasi tukipongezana, tukijua mtoto amefaulu.

Mwalimu wake alizisoma, akampigia simu. "Ikram, watu hawa wanafanya kazi kiwandani au peponi?" Akazikataa zote.

Ikram alikuja akakaa juu ya ndoo, akatueleza. Alianza kwa kucheka, kicheko kikageuka kilio. "Mmenipenda mpaka mmeniangusha," alisema. Bi Hadija alikosa pa kuuweka uso wake. Sote tuliumia, kwa sababu tulikuwa tumemfanyia mtoto wetu lile lile analolisomea.

Na ile ndoo nayo ina habari yake, Mama. Chanja mpya zilikuja zikiwa ndefu kutuzidi sisi akina mama. Kwenye kikao tuliulizwa kama zinafaa, tukapiga makofi. Tangu hapo tunapanda juu ya ndoo kugeuza dagaa, na mwezi uliopita Bi Veneranda alianguka akavunjika mkono. Meneja hakutulazimisha kupiga makofi, na hakujua. Nani angemwambia? Sisi tulimwambia muuza chai.

OMBI

Chuo kimempa Ikram mpaka mwisho wa mwezi huu akusanye majibu mapya. Asipopata, masomo yake yamekufa. Meneja amesita. Alisema, "Majibu ya kwanza yalikuwa mazuri, ya pili ya nini?" Kisha akasema, na hapo hatumlaumu, kwamba ruhusa ya namna hiyo imemzidi kimo, ni ya Bodi. Sasa Bodi umekuja mwenyewe.

Tunaomba ruhusa ya kujibu upya. Basi. Tulikuwa tumeandika pia habari ya choo na ya gari la kubebea magunia, tukazifuta, ombi hili lisije likapotea katikati ya mengine. Choo kitangoja. Ikram hawezi kungoja.

Labda unahofia tutakachoandika. Hata sisi tunakihofia, hatujazoea. Ndiyo maana jana tulikaa tukakubaliana kwamba aliye tayari kusema kweli asimame maneno haya yakisomwa, mbele yako na mbele ya Meneja, na asiye tayari akae, wala hatanuniwa na mtu. Msomaji wa risala hii hajui ni wangapi watasimama. Naye atanyamaza kidogo, awape nafasi.

Hawa ndio watakaojibu, Mama. Tunakuomba uwatazame.

Mwenyezi Mungu akurudishe nyumbani salama, aibariki mikono yetu na kichwa cha mtoto wetu.

Ni sisi,
Wafanyakazi wa Kiwanda cha Dagaa cha Mwanga wa Ziwa, Ujiji, tuliosimama na tuliokaa.